Gamba la Mwiritsa

Juzi nilirudi kota za kiwanda cha sukari kumlilia fundi wa boila, jirani yetu wa zamani. Jeneza waliliweka uwanjani, mbele ya nyumba, kabla ya safari ya kwao. Jua lilituchoma mpaka wazee wakajifunika vichwa kwa karatasi za ratiba. Mama mmoja kijana, ambaye sasa anaishi katika nyumba yetu ileile, akaniletea maji, akaniuliza kama sisi wa zamani hatukupandanga hata mti mmoja hapa. Nikanywa kwanza.

Wewe nitakuambia, rafiki yangu: ulikuwapo. Mwiritsa, mkubwa, katikati ya uwanja, ulitangulia hizo kota zenyewe. Watoto wanne tukishikana mikono ndipo tuliuzunguka. Majani yake ukiyafikicha yalitoa harufu chungu inayopanda puani. Hondohondo walikuja kula matunda wakipiga kelele kama watu waliodhulumiwa. Nyasi ya chini yake ilikuwa ya wote. Hapo mama zetu walichambua mrenda, wakasukana, wakasengenyana. Baba zetu walipotoka zamu wakinuka molasi walikaa hapo kidogo kabla ya kuingia nyumbani kula obusuma, ugali wetu. Na kulikuwa na desturi yetu sisi wa kota: mtoto anayekimbia kiboko akiugusa mwiritsa, basi, yameisha. Hata baba yangu, mtu mkali, alikuwa akifika hapo anatupa fimbo.

Nyanya alikuja kukaa kwetu kutoka upande wa Malava, ana homa isiyokwisha. Dawa yake ilikuwa gamba la mwiritsa lililochemshwa. Alinipa kisu chake chenye pengo kwenye makali, akanifundisha: chuna upande jua linakochomoza tu, upana wa kiganja, halafu paka tope, usirudi hapo mpaka misimu miwili ya mvua ipite. Mti nao una ngozi, alisemanga, ukiuvua nguo yote utakufa kwa baridi.

Miaka hiyo sukari ilikuwa imetutia wazimu. Watu waling'oa migomba, waling'oa mihogo, wakapanda miwa hadi mlangoni; ukienda choo majani yanakukata shavu. Hata uwanja wetu ukaanza kuitwa shamba lililolala. Sheria ya kota ilikuwa kwamba mti mbichi haukatwi, mkavu ruhusa. Sasa nawataja waliotaka mti uondoke, maana nimebaki peke yangu: nyapara wa kota, fundi wa boila huyu tuliyemlilia, na baba yangu mzazi. Walikaa kwetu wakinywa chai niliyopika mimi. Nyapara akasema, "Mti ukikauka wenyewe, mimi nitafanya nini?" Halafu fundi akanitazama, akacheka.

"Huyu si ndiye daktari wa nyanya yake? Nani atamuuliza anachuna nini?"

Baba hakunilazimisha. Aliniambia miwa ya pale ndiyo itanipeleka sekondari, na gamba nilichune kuzunguka shina lote. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Usinihurumie kwa sababu ya umri. Nilijua.

Nilichuna siku tatu, mchana kweupe. Akina mama walipita na ndoo zao wakanipa pole ya kazi, wakauliza kukhu, nyanya yangu, anaendeleaje. Nikasema anapata nafuu. Mmoja alinishikia kigoda nisianguke. Nilipomaliza nikapaka tope kuzunguka, kama nilivyofundishwa, ili pasionekane.

Majani yakaanza kudondoka. Watu walisema ni masizi ya kiwandani, wengine wakasema ni radi. Nyanya alitoka na mkongojo wake, akapitisha kiganja kwenye shina, akabandua tope, akaendelea kuzunguka polepole mpaka akarudi alipoanzia. Kila mahali palikuwa uchi, na kila mahali pana mchirizi wa lile pengo la kisu chake. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Mimi nilikufundisha upande mmoja."

Basi, hayo tu. Akanyoosha mkono, nikamrudishia kisu. Tangu siku hiyo alichemsha dawa yake mwenyewe, majani mengine, na kikombe kutoka mkononi mwangu hakukipokea. Alirudi Malava kabla mti haujaangushwa.

Miwa ilipandwa, ikavunwa mara mbili, wale watatu wakagombana mpaka wakaacha kusalimiana, uwanja ukabaki vumbi. Sekondari niliisikia kwa wenzangu. Kwa muda mrefu nilisema nilidanganywa na wakubwa. Ni kweli walikuwa wabaya. Lakini kisu kilikuwa mkononi mwangu, na kati ya wote wanne, ni mimi pekee niliyefundishwa.

Nikamrudishia yule mama kikombe. Nikamwambia ulikuwapo mmoja, mwiritsa, ila ulikauka wenyewe. Akanishika bega, akasema, "Pole sana, mama. Mlipoteza kitu." Nikaipokea ile pole, nikasema asante.

Wakati huo mtoto wa jirani akachomoka nyuma ya nyumba anakimbia, mama yake nyuma na ufagio. Akakata uwanja, akafika katikati, pale pale, akasimama akigeuka huku na huku. Hapakuwa na cha kugusa. Nikageuza kiti changu upande wa jeneza.