Neno Moja Kwenye Mashine ya Papa Omer

Thacienne alianza kujitungia mfumo wake wa kompyuta kwa sababu ya kuchoka kusubiri. Kila asubuhi, pale Nyabiondo katika milima ya Masisi, kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala la Papa Omer alikofanya kazi, alibonyeza kitufe cha mashine kisha akaketi, maana mashine ilikuwa kuukuu na haikuamka upesi. Kioo kilikaa cheusi, kikapitisha maandishi meupe mbio mbio, kikawa cheusi tena, ndipo Windows ikajitokeza. Mtu mwingine angetumia muda huo kufagia. Yeye alikikodolea macho kile kiza na kujiuliza: sasa hivi, kabla ya Windows, ni nani anayeiamuru hii mashine?

Swali hilo alimwuliza binamu yake Bienvenu, aliyesomea kompyuta Goma, alipopanda Nyabiondo kwa mazishi ya bibi yao.

"Hakuna muntu," Bienvenu akamjibu. "Ikiamuka, inatafuta kwa disiki, pale mwanzo kabisa, kama kuko mwenye aliandika kitu. Ikikuta maneno, inayafuata. Hata weye unaweza kuandika."

"Miye?"

"Weye. Kuko watu wanafanya vile juu ya kujifurahisha tu. Wanatunga système yao wenyewe, toka sifuri."

Bienvenu aliporudi Goma alimwachia flashi mbili. Moja ilikuwa tupu. Nyingine ilijaa kurasa za mafunzo alizozihifadhi kutoka mtandaoni, pamoja na Linux ndogo, mfumo mbadala wa Windows, iliyoweza kuendesha mashine moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa vitu vya Papa Omer vilivyokuwa ndani ya disiki.

Thacienne akajifunza katika saa za mchana ambazo wateja hawapo, mvua inaponyesha na njia za milimani zikawa tope tupu. Papa Omer, mfanyabiashara aliyetoka Butembo zamani na kuota mizizi Masisi, hakumkataza. Alidhani anajizoeza kuchapa kwa kasi. Kumbe msichana alikuwa anapambana na lugha ya mashine yenyewe, amri fupi fupi zisizo na huruma, katika nafasi ndogo sana ambayo wimbo mmoja wa kanisa usingeenea. Aliandika, akahamishia kwenye ile flashi tupu, akazima, akawasha. Kioo cheusi. Akasahihisha, akawasha tena. Kioo cheusi. Majuma yakapita hivyo. Mwisho akagundua kosa: kule mwishoni kabisa mwa ile nafasi lazima ziwepo alama mbili maalumu, la sivyo mashine haiamini kwamba hayo ni maneno ya kufuatwa. Akaziweka. Akawasha. Kwenye pembe ya kioo ikasimama herufi moja, N, nyeupe.

Alifunga duka akapanda shambani kwa mama yake, aliyekuwa anapalilia maharagwe.

"Mama, nimefanya mashine iandike, miye mwenyewe, bila Windows!"

"Inaandika nini?"

"N."

Mama akanyoosha mgongo, akamtazama. "Hata kalamu inaandika N," akasema, akarudi kwenye jembe lake.

Thacienne alicheka siku hiyo, ingawa neno lile lilimchoma. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha. Baada ya hapo akaongeza herufi, zikawa neno. Kurasa zilifundisha kuandika salamu kwa ulimwengu, lakini yeye aliandika NIKO. Aliona hilo linatosha.

Kulikuwa na jambo lingine ndani ya mashine ile. Papa Omer na mke wake, Mama Sophie, walikuwa wamempoteza mtoto wao Archange, dereva wa lori lao, aliyepigwa risasi kwenye barabara ya Walikale. Simu yake iliibiwa pale pale. Picha zake zote zilizobaki zilikuwa kwenye mashine ya duka, na video moja: Archange anarudisha lori nyuma, anatoa kichwa dirishani, anawafokea watu wapishe huku anacheka. Jioni, kabla ya kufunga, Papa Omer alikuwa akivuta kiti na kusema, "Niwekee mutoto." Thacienne akamwekea. Wakatazama wote wawili, kisha mzee akanyanyuka na kuchukua funguo.

Siku ya kosa ilikuwa ya mawingu, na umeme wa sola ulikuwa unakaribia kuisha. Thacienne alitaka kujaribu badiliko dogo kabla mashine haijazimika. Katika Linux, disiki ya mashine iliitwa kwa herufi a, na flashi yake kwa herufi c. Mteja alikuwa mlangoni anagonga, anataka nakala ya cheti cha ubatizo. Thacienne akachapa amri ya kuhamisha, kidole kikaenda kwenye a badala ya c. Kazi ikaisha kabla hajapepesa macho. Taa ya sola ikazimika, mashine ikafa, naye akamwomba mteja arudi kesho, akaenda nyumbani.

Asubuhi tope lilimchelewesha. Alipofika aliwakuta Papa Omer na Mama Sophie wamesimama mbele ya mashine iliyowashwa. Kioo kilikuwa cheusi. Juu, kwenye pembe, palikuwa na neno moja: NIKO. Mama Sophie alikuwa amefanya ishara ya msalaba na mkono ulikuwa bado kifuani.

Jambo la kwanza lililompata Thacienne, na ambalo hakuwahi kujisamehe, lilikuwa furaha. Maneno yake yalikuwa yameanza yenyewe, kutoka kwenye disiki yenyewe, bila flashi. Ndipo akaelewa ni disiki gani.

"Nani ameandika hii?" Papa Omer akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni miye, Papa."

"Na vitu vyangu? Na mutoto?"

"Viko, Papa. Vyote viko ndani. Nimeharibu tu pale mwanzo, pale mashine inasomea vitu viko wapi. Unipe siku chache, nitapatengeneza. Nimesoma vile wanafanyaka. Lakini mutu asiandike kitu kingine juu yake."

"Usiguse."

"Papa, ninakuomba..."

"Nimesema usiguse! Nilikuachia mashine uchape barua, weye ukafanya yako. Utoke."

Alitoka. Akakaa chini ya ukingo wa paa la duka la jirani hadi adhuhuri, akitumaini mzee atapoa. Badala yake alimwona Isidore, fundi wa simu na kompyuta, akishuka kwenye pikipiki na mfuko wake. Thacienne akamkimbilia.

"Kaka Isidore, usiformate, usiifute yote. Urudishe tu ile jedwali ya mwanzo, yenye kuonyesha vitu viko wapi. Picha ziko bado."

Isidore hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza, akaingia, akazungumza na Papa Omer, akarudi mlangoni. "Mwenye mashine anasema niisafishe yote. Anasema hataki kuona lile neno tena. Mashine iko yake, dada."

Akaisafisha. Akaweka Windows mpya, na kwa kuwa wateja walipenda kununua filamu na nyimbo, akaijaza filamu na nyimbo, zikaandikwa juu ya zile picha, mpaka disiki ikakaribia kufurika. Hapo ndipo Archange alipoisha kweli, na katika Nyabiondo nzima ni Thacienne peke yake aliyejua hivyo. Watu waliambiana kwamba msichana wa duka amefuta picha za marehemu kwa michezo yake. Kanisani wanawake walimwachia nafasi pana kwenye benchi.

Vita viliposogea hadi Nyabiondo, kila mtu alikimbilia alikoweza. Thacienne alimfuata kaka yake Evode hadi Omate, huko Walikale, ambako wanaume wanachimba madini na wanawake wanawapikia. Akauza maharagwe na ugali wa muhogo chini ya hema la plastiki.

Huko ndiko Mama Sophie alikomkuta. Alikuwa amekuja na sabuni na chumvi za kuuza, amekonda, kitambaa cha kichwa kimepauka. Alisimama kitambo kabla ya kukubali kukaa.

"Lile duka walilivunja," akasema. "Mashine waliibeba."

"Pole, Mama. Na Papa?"

"Ni mugonjwa, iko kwa kitanda, Walikale. Anaongea jambo moja tu. Anasema, pengine tungemuachia Thacienne ajaribu. Anasema, pengine ni yeye mwenyewe alimuua mutoto mara ya pili." Akamshika mkono. "Uniambie ukweli. Siku ile, kabla Isidore akuje, Archange alikuwa angali ndani?"

Thacienne alikoroga sufuria. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, fupi kama lile neno lake, na lingemsafisha mbele ya watu wote.

"Hapana, Mama. Alikuwa amekwisha. Nilidanganya juu ya kuogopa kufukuzwa. Ni miye nilimufuta."

Mama Sophie akauachia mkono wake. Pumzi ndefu ikamtoka, na uso wake, uliokuja umelainika tayari kuomba msamaha, ukakaza taratibu.

"Basi Omer alikuwa na haki," akasema. "Nitamuambia." Akabeba katoni yake ya sabuni, akaondoka bila kuaga.

Evode, aliyekuwa anakula pembeni, akasukuma sahani. "Juu ya nini umesema vile? Si uliniapia picha zilikuwamo?"

"Zilikuwamo."

"Sasa?"

Wachimbaji watatu walikuwa wamefika, matope hadi magotini, wanadai chakula kwa kelele. Thacienne akachukua sahani, akaanza kupakua.