Jeton Ilipanda, Mtu Alibaki

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na tangu uliponiambia jana kwamba wamekupa kazi ya kutunza taarifa za wafanyakazi kwenye kompyuta, imenirudia yote. Usicheke. Unafikiri mama yako mdogo hajui kompyuta ni nini. Kweli sijui, lakini kazi hiyo naijua, niliifanya kabla hujazaliwa, kwa ubao na misumari.

Nilikuwa msichana tu, tunakaa mtaa wa Kikula, na ushirika wa wachimbaji ulinipa kibanda kwenye machimbo nje ya mji. Kila mchimbaji alikuwa na jeton yake, kisahani cha bati chenye namba. Akishuka shimoni, anaitundika kwenye msumari wangu. Akipanda, anaichukua. Msumari ukiwa mtupu, maana yake mtu yuko juu. Niliipenda kazi ile, nikajiona mkubwa kweli.

Sasa watu wa mizani, wanunuzi waliopima mawe ya madini, nao wakaziona zile jeton, wakazitamani. Wakaanza kukataa kupima mawe ya kikosi chochote mpaka jeton zote za kikosi ziwe mezani kwao, wapate kujua kwamba hakuna gunia jingine linalokuja nyuma. Na foleni ya mizani ilikuwa ndefu. Basi kiongozi wa kikosi akawa anapanda mapema, anachukua jeton za wenzake wote, anawahi nafasi, na wenzake wanafuata polepole na magunia. Ikawa desturi, nami nikawa nawapa tu. Hakuna aliyeona ubaya.

Siku ninayokuambia, mvua ilianguka mchana, nzito, na maji yakaanza kuingia mashimoni. Watu walipanda wakikimbia, wamejaa tope hata hutambui nani ni nani. Pampu ilikuwa moja tu, ikivuta maji kwenye shimo la kikosi cha Kazadi, alimokuwa akichimba yaya Kasongo, kaka yangu mkubwa. Kazadi mwenyewe alikuwa amekwisha pita kwangu na kuchukua jeton zao zote. Mkubwa wa ushirika akaja kibandani, akautazama ubao. Misumari ya kikosi kile ilikuwa mitupu.

"Mungu asifiwe, bote banatoka, hakuna mutu mu shimo," akasema. "Muhamishe mashine, mupeleke ku shimo ingine."

Wakaizima pampu.

Nikamtafuta yaya kwa macho. Alikuwa na mazoea, akipanda tu anakuja kunywa maji kwenye bidoni, lile dumu langu, kabla hajasalimia mtu. Bidoni ilikuwa bado imejaa. Niliogopa, mwanangu. Na bado niliogopa kusema, kwa sababu ubao ulikuwa wangu, na ubao ulisema wametoka. Ningesimamaje mbele ya wanaume wale niseme ubao wangu unadanganya? Nikajidanganya kwamba labda yuko kwenye mizani. Nikanyamaza, machozi yakinitoka yenyewe.

Aliyeniona ni Papa Mulenga, mzee kuliko wachimbaji wote, mtu wa kukohoa na kununa.

"Weye, juu ya nini unalia?"

"Yaya Kasongo, papa. Siyamuona."

"Jeton yake iko wapi?"

"Kazadi alibeba yote."

Akawageukia watu, akapiga kelele mpaka kikohozi kikamshika. "Jeton ilipanda, nasikia! Mutu, yee alipanda? Nani alimuona na macho yake? Aseme!"

Kazadi alikuja mbio kutoka mizani, jeton bado ziko mkononi. Alifikiri wenzake walikuwa nyuma yake.

Mashine ikarudishwa. Ikakataa kuwaka, wakaivuta kamba tena na tena, na mimi nimepiga magoti kwenye tope nasali kwa sauti bila aibu. Ikawaka. Walipowatoa yaya na mwenzake mmoja, maji yalikuwa yamewafika kidevuni. Yaya hakulia wala hakushukuru. Alitutazama tu, akasema, "Tulisikia mashine inanyamaza."

Papa Mulenga hakutupigia kelele tena. Alisema polepole, kwa mkubwa wa ushirika na kwangu pia, "Hii jeton tuliiweka juu ya kuchunga bantu. Mulipoipatia kazi ingine, njo pale ilianza kudanganya." Tangu siku ile mizani ikakatazwa kuuliza jeton. Kila mtu alichukua yake kwa mkono wake, nami sikuitoa kabla sijauona uso wake, hata akiwa na haraka ya kufa mtu. Walinitukana sana kwa hilo.

Basi nakuomba, mwanangu. Wakikuletea taarifa safi, nzuri, isiyo na tatizo hata moja, uliza nani aliona kwa macho yake. Uliza pia anayekuletea anapata nini ikisomeka hivyo. Na moyo wako ukikataa kile kilichoandikwa, sema, hata kama umekiandika wewe, hata kama mkubwa amekwisha mshukuru Mungu mbele ya watu wote. Aibu utaizoea. Mimi nilikaa kimya kidogo tu, na ule ukimya unanitisha mpaka leo.

Unamjua mjomba wako Kasongo. Jenereta ya jirani ikizimika ghafla, anaacha chakula, anasimama, anakwenda mlangoni. Ninyi watoto mmekuwa mkimcheka miaka yote. Anahakikisha tu kwamba kuna anayejua kuwa yeye yuko ndani.

Nenda kazini kwako. Mungu akupe macho ya kuona watu nyuma ya majina yao, akupe mdomo usioogopa wakubwa, na siku yoyote utakayobaki chini wewe, awepo juu mtu wa kuuliza uko wapi.