Dude lililokula ng'ombe saba bila kuacha kinyesi, na kwa nini nimekataa kuyarudisha maneno yangu

Jumamosi, mwezi wa tano. Asubuhi mawingu mazito upande wa Manchira, saa nne yakatawanyika bila kudondosha tone. Mchana jua la kuchoma mabati.

Wakuu, habari za jioni. Walionizidi umri, shikamooni.

Ninachoandika nimekiona mwenyewe, na pale nilipokosea nimeandika kwamba nimekosea. Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, aende uzi mwingine.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeishia darasa la saba, naishi kwenye center moja kata ya Busawe, wilaya ya Serengeti. Nauza karanga kwenye banda la video. Sijui kama habari yangu inastahili uzi, nimeshaifuta mara mbili. Lakini kuna mtu amesema mbele za watu kwamba ambaye hajasoma hana haki ya kukosoa sinema. Hilo nimelikataa, kwa hiyo naandika.

Nianze na banda.

Kila Jumamosi mchana, kabla ya mpira wa jioni, mwenye banda anaweka sinema za zamani. Tunamwita Baba Ghati. Flashi yenye sinema hizo aliipata Sirari, kuna mtu alikuwa hana kazi nayo. Ni zile nyeusi na nyeupe, za madude yanayotoka baharini na watu wanaokwenda sayari nyingine na chombo kinachofanana na birika.

Ziko kwa Kiingereza na hazina maandishi chini. Kwa hiyo anasimama Marwa na maiki, anatutafsiria pale pale.

Marwa ni mtu wa Tarime, amekaa Kenya miaka mingi, Kiingereza anakijua. Na tuwe wa kweli, kazi anaiweza. Dude likiguna naye anaguna. Mwanamke akilia, analia kwa sauti ya mwanamke mpaka mabenchi ya nyuma yanaguswa. Bila yeye tungekuwa tunaangalia midomo tu.

Mimi nikishauza, naingia na kigoda changu nakaa karibu na mlango. Na nina daftari.

Sasa hivi yamefika manne. Nilianza kwa kuandika jina la sinema na kama ni nzuri. Baadaye nikawa naandika kwa nini.

Kwa mfano, kuna moja ambayo dude lina mshono wa zipu mgongoni. Nikaandika zipu. Nikaandika pia kwamba yule aliyevaa lile vazi alitembea vizuri, kwa uzito, kama mnyama aliyechoka, na kwa joto la vazi lile si jambo dogo. Sipendi kumwonea mtu.

Kipimo changu ni kimoja. Nimezaliwa Robanda, pembeni kabisa ya hifadhi. Kule tembo wakiingia shambani, asubuhi unaangalia chini. Nyayo zinakwambia wako wangapi. Kinyesi kinakwambia wamekula kwa nani, wamepita saa ngapi, na kama wako mbali au wapo nyuma ya kichaka kile. Sina elimu nyingine ya wanyama wakubwa. Ni hiyo.

Sasa Jumamosi iliyopita.

Sinema ilikuwa ya dude la miguu minne, kichwa kama cha kenge, ukubwa kama ghala la pamba. Limetoka kwenye barafu. Profesa mmoja mwenye ndevu akaongea kwa kirefu, na Marwa akatafsiri: "Profesa anasema mnyama huyu hali kitu chochote. Anaishi kwa umeme wa radi."

Sawa. Nikaandika.

Haikupita muda, dude likaingia kwenye zizi la mzungu mmoja likala ng'ombe saba. Nilihesabu. Halafu likapotea, na jeshi zima likalitafuta siku tatu kwa ndege na magari, hawalioni.

Nilitaka kuandika tu. Mdomo ukatangulia.

Nikasema, "Si mmesema hali? Na kama anakula, ng'ombe saba, siku tatu, kinyesi kiko wapi? Mbona hakuna hata mmoja anayeangalia chini?"

Banda likacheka. Mchunga ng'ombe mmoja anaitwa Chacha, benchi la mbele, akasema, "Mama Karanga kasema kweli. Hao wanajeshi hata ndama aliyepotea usiwatume."

Marwa akazima maiki. Akanigeukia.

"Mama, sinema hii imetengenezwa na maprofesa. Wewe umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Physics unaijua?"

"Siijui."

"Biology?"

"Siijui. Tembo ninawajua."

Wakacheka tena, na hapo naona ndipo palipomuuma. Akasema mtu ambaye hajasoma kazi yake ni kuangalia na kunyamaza, kukosoa ni kwa wenye vyeti. Akaweka maiki kwenye kiti, akasema hatafsiri tena mimi nikiwa ndani. Sinema ikaendelea kwa Kiingereza kitupu, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Baba Ghati akaamua. Jumamosi inayofuata nisimame mbele ya watu, niyarudishe maneno yangu, nimpe Marwa mkono, yaishe.

Kwa wasiojua, huku kwetu ugomvi wa maneno unamalizwa hivyo. Aliyesema anasimama pale pale aliposemea, anayarudisha, na kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kuyataja tena. Ni utaratibu mzuri, umeokoa ndoa nyingi. Nisiposimama, basi nisiingie tena ndani.

Nikaenda nyumbani na kigoda changu.

Mume wangu akasema, "Simama useme, mama. Ni sinema tu. Hilo dude halitakuja kukushukuru."

Siku mbili nilikuwa karibu kukubali. Nilijiambia labda Marwa yuko sahihi. Labda kuna madude ya aina hiyo na wenye elimu wanajua, mimi nimekazana na mambo ya Robanda. Jumapili mpaka Jumatatu sikufungua daftari.

Jumanne nikawaza tofauti. Maneno yakirudishwa hayatajwi tena. Maana yake nikirudisha lile la kinyesi, sitaweza kulisema maisha yangu yote, hata kama ni kweli. Na nikikataa kurudisha kitu ambacho ni uongo, nitakuwa nimeudanganya umati. Kwa hiyo lazima nijue kwanza.

Nikamwomba Baba Ghati flashi. Akanipa pale pale. Hilo nalo liandikwe, angeweza kuninyima.

Jirani yangu Mwalimu Rhobi anafundisha Kiingereza sekondari. Jumatano alipotoka kazini tukakaa na laptop yake. Tukafika kwa profesa mwenye ndevu. Mwalimu akasimamisha.

"Mama, huyu anasema hawajui anakula nini. Wanachunguza."

"Na radi?"

"Radi haijatajwa."

Nikamwomba arudishe. Akarudisha mara tatu. Radi haikuwepo. Marwa aliitoa kichwani mwake.

Wakuu, nilitoka jasho. Si kwa sababu ya Marwa. Kwa sababu ya madaftari manne. Miaka yote hiyo nimekuwa nahukumu sinema za watu kwa maneno ambayo hawakuyasema. Kuna profesa nimemwandika mjinga, kuna nahodha nimemwandika mwongo, kumbe mjinga na mwongo ni mimi niliyeandika bila kuuliza.

Mwalimu alianza kucheka. Aliponiangalia usoni akaacha.

Tukaangalia mpaka mwisho. Nikamuuliza kama kuna mwanajeshi yeyote katika zile siku tatu aliyetaja nyayo au kinyesi. Akasema hakuna. Kuna mmoja tu aliyeomba kahawa.

Alhamisi na Ijumaa nilipitia madaftari yote kwa penseli. Nilichokiona kwa macho, nikakiacha. Nilichokisikia kwa Marwa, nikaandika pembeni: sina uhakika. Karibu nusu imeliwa na penseli. Iliuma, lakini nusu iliyobaki sasa naiamini kuliko mwanzo.

Sasa leo.

Banda lilijaa kuliko siku ya mpira. Marwa amekaa mbele, shati limenyooshwa. Nikasimama karibu na mlango, pale pale niliposemea, na daftari mkononi maana bila daftari nasahau.

Nikasema, "La kwanza nalirudisha. Nilisema sinema imejichanganya, mara dude halili kitu, mara linakula. Sinema haikusema hivyo. Nimekaa na mtu anayejua Kiingereza, profesa alisema hajui. Niliihukumu bila kuuliza. Nawaomba radhi walioitengeneza, popote walipo, na nyinyi mlionisikia."

Chacha akamgeukia Marwa akauliza, "Sasa radi ilitoka wapi, mura?"

Watu wote wakamwangalia Marwa. Akasema, "Yule mzee alikuwa anaongea mbio. Nisingekaa kimya na watu wananisubiri. Nikajazia."

Banda likaanza kuguna. Nikasema wamwache. Nikawaambia, nyinyi jaribuni kushika maiki na mtu anaongea mbio, tuone kama hamjazii. Hilo nililisema kwa moyo wangu wote.

Baba Ghati akasema, "Vizuri. Na la pili?"

"La pili silirudishi."

"Mama Karanga."

"Silirudishi, Baba Ghati. Ng'ombe saba, siku tatu, na hakuna aliyeangalia chini. Nimeangalia mara mbili, ya pili na mwalimu pembeni. Aliyetengeneza ile sinema alijua kutengeneza meno, hakujua mnyama. Hilo sikulisikia kwa mtu, nimeliona. Na la tatu, Marwa anataka nikiri kwamba wa la saba hana haki ya kukosoa. Hilo hata sikulisema mimi, siwezi kurudisha maneno ya mtu mwingine."

Marwa akasema, "Basi abaki nje. Au yeye au maiki."

Nikamwambia, "Marwa, mimi nitanyamaza sinema nzima, nitasema ikiisha. Wewe nawe ukijazia, utuambie unajazia. Tupeane mkono kwa hilo."

Akasema hawezi kujitangaza mbele ya wateja kwamba hajui.

Baba Ghati akaangalia mabenchi, akaangalia maiki. Namwelewa, banda bila mtafsiri ni TV tu. Akasema taratibu, "Mama, basi kaa nje."

Nikabeba kigoda. Sikusukumwa, sikulia. Nikakaa upande wa pili wa mlango na karanga zangu. Kutoka pale naona robo ya TV, na sauti yote naipata kwa sababu spika ni kubwa.

Wakaweka sinema ya watu waliotua sayari yenye majani yanayokula watu. Nikafungua ukurasa mpya. Kwa robo ile niliona jani likivutwa na kamba. Nikaandika kamba.

Katikati kuna daktari mwanamke akaanza kueleza jambo, anaongea mbio sana. Sauti ya Marwa ikatoka, ndogo kuliko kawaida:

"Hapa, ndugu zangu, sijamshika vizuri. Najazia."

Hakuna aliyecheka. Chacha akasema, "Jazia, mura, tumekuelewa." Sinema ikaendelea.

Sikuinuka. Hajaniita, na mimi sijamwomba. Niliandika tu kwamba amesema, na saa aliyosema, ili siku nikimwandika vibaya na hili liwepo.

Nilichojifunza wakuu: kabla hujakosoa, jua unayemkosoa ni nani, aliyetengeneza au aliyekusimulia. Mimi hilo sikulijua, limenigharimu madaftari mawili. Lakini ukishajua, usiulizwe cheti. Macho hayana darasa. Kama kurudi ndani ni mpaka niseme sikuona nilichokiona, nitaangalia robo ya TV mpaka nizeeke.

Wenye uzoefu wa haya mabanda, nyinyi mngefanyaje? Na wanaojua wanyama au sinema za zamani, kama kuna sababu ya kweli dude lile lisinye, niwekeeni hapa. Mkinishinda kwa hoja nitasimama pale pale na kulirudisha.

Jioni hii tumekula ugali wa muhogo na mtama, dagaa wa kukaanga na mlenda. Mume wangu aliongeza mara mbili.