Sindano si Ubatizo

Shangazi yangu aliamini kwamba sindano ni kama ubatizo: ukishapewa, hakuna padri atakayekumwagia maji tena. Alichanjwa dhidi ya pepopunda akiwa na mimba ya kitinda mimba wake, na huyo kitinda mimba sasa alikuwa anachunga mbuzi. Mimi nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya huko Kimemi. Kila aliposhuka kutoka Masereka na magunia yake ya viazi, nilimwomba arudie chanjo.

"Unalima peku, shangazi. Ukijikata na jembe, pepopunda inapitia hapo."

"Nilishachomwa. Karte iko hapa."

Kadi ya chanjo alikuwa nayo kweli, imekunjwa mara nne ndani ya kitambaa kifuani. Nikamweleza kama nilivyowaeleza wote: mtoto mdogo hupewa chanjo ya magonjwa matatu kwa pamoja, pepopunda, dondakoo na kifaduro, lakini miaka ikipita mwili husahau, lazima ukumbushwe.

"Maharagwe yako unapalilia mara ngapi?" nikamwuliza.

"Mara mbili. Majani yakizidi, tatu."

"Basi na mkono wako unataka kupaliliwa."

"Mukono yangu haina majani," akasema, akabeba kikapu chake.

Thamani ya kadi hiyo niliijua baadaye. Kitambulisho chake kilipotea siku walipokimbia vita, na kwenye njia ya Beni askari walikuwa wameweka kizuizi cha kukagua vitambulisho. Siku ya kwanza alitoa kadi ya chanjo kwa kukosa kingine. Askari akaona muhuri wa duara, wino wa zambarau, akamwambia apite. Tangu hapo alipeleka viazi Beni kwa idhini ya pepopunda.

Kisha binti yake aliyeolewa Beni akatuma habari: siku za kujifungua zimekaribia, mama aje. Ni mjukuu wa kwanza, na shangazi alikuwa ameapa kwamba hatapokelewa na mikono ya mama mkwe wa bintiye.

Alipanda lori asubuhi. Kabla ya saa sita alikuwa mlangoni pangu, na kikapu chake, amenuna.

Kizuizini alikuta askari mpya, kijana aliyesoma uuguzi kidogo kabla ya kushika bunduki. Huyo aliisoma kadi mbele na nyuma.

"Mama, hii haiko ya kusafiri. Hii ni ya chanjo."

"Iko na muhuri."

"Muhuri ndiyo, lakini sindano ya tatu ulikosa, tena zamani. Rudia kwa muganga akuchome. Kesho utapita."

Lori zima lilicheka, na dereva ndiye aliyemshushia kikapu.

"Mwanangu, nichome," aliniambia, akipandisha mkono wa blauzi. "Lakini muhuri uonekane muzuri."

"Kinachokulinda ni dawa, shangazi, si muhuri."

"Dawa weka mu mukono. Muhuri weka ku karte. Kila kitu na fasi yake."

Sikubishana. Nilitoa chupa kwenye friji yetu ya mafuta ya taa, nikamchoma huku yeye akitazama ukuta na kuwataja watakatifu. Nilimwambia mkono utauma kidogo siku moja au mbili, asiogope, ni mwili unajifunza. Kisha nikaandika tarehe, nikalowesha muhuri mara mbili, nikaugonga kwa nguvu zangu zote.

Kesho yake yule kijana aliisoma tena, akairudisha kwa mikono miwili.

"Na ya kwako iko wapi?" shangazi akamwuliza.

 Kijana alifungua njia haraka kuliko kawaida.

Alifika Beni siku mbili kabla ya uchungu. Dereva wa lori ndiye aliyeniletea habari: mtoto ni msichana, bibi yake wa Masereka alimbeba wa kwanza, na mama mkwe alipewa kazi ya kuchemsha maji.

Wiki chache baadaye wauza viazi wanne walisimama mlangoni pangu, kila mmoja ameshapandisha mkono wa blauzi.

"Tumekuja kupaliliwa mukono," akasema wa mbele.

Nikawauliza ni nani aliyewafundisha maneno hayo mazuri. Wakanitajia shangazi yangu, wakaongeza kwamba ameyatunga mwenyewe. Nikawasha jiko, nikachemsha sindano.