Miguu ya Jumamosi

Timu ya kijiji chetu pale Izimbya ilikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Jumapili moja iliifunga timu ya Bukoba mjini, vijana wenye viatu na soksi, mabao matatu kwa bila. Jumapili iliyofuata tukapanda lori hadi Muleba kucheza na wavuvi wa kisiwa cha Goziba. Wavuvi walivuka ziwa wakiwa tisa tu. Wakaomba tuwaazime watu wawili, tukawapa washabiki wetu wawili, mmoja wao fundi baiskeli. Tukafungwa mbili kwa moja, na bao la pili alilifunga yule fundi baiskeli. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyemsemesha.

Mimi nilikuwa mshabiki mbaya. Tukishinda, nilisema nilijua. Tukifungwa, sikula. Mke wangu aliweka ndizi na maharage mbele yangu, akasubiri, kisha akafunika.

"Baba watoto," alisema siku ile ya Goziba, "mpira wamecheza wao, njaa unaona wewe."

Sasa ni mwaka wa pili tangu nimzike, na katika maneno yake yote ni ya namna hiyo yanayonijia zaidi.

Miaka ile ya ujamaa kila jambo lilikuwa na mkutano, hata mpira. Baada ya Goziba nilisimama mkutanoni nikataka nahodha aondolewe. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anacheza beki. Nilimwita mvivu mbele ya mama yake.

"Waitu," alinijibu kwa neno letu la heshima, "tunacheza kadiri miguu inavyokubali."

"Miguu haiulizwi!" nikasema. "Miguu inaamriwa!"

Watu wakanipigia makofi, na mimi nikayapenda. Mwenyekiti wa kijiji akaamua: Jumapili inayokuja timu ya Muleba inakuja kwetu. Tukifungwa tena, Jumatatu kijana anavuliwa unahodha.

Katika lori la Muleba angekuwemo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa maneno mengi. Shemeji wa namna ile huwezi kumkaribisha kwa maji. Lazima iwepo lubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilikuwa nimeivisha mikungu kumi shimoni, na iliyobaki ilikuwa kazi ya kukanyaga. Ndizi huwekwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na majani makavu, watu wakazikanyaga kwa miguu tangu asubuhi hadi jua la utosi, mpaka maji yake yatoke yote. Ni kazi ya mapaja. Na mapaja kijijini yalikuwa ya nani? Jumamosi asubuhi nikawaita vijana sita wa timu. Nahodha alifika wa kwanza.

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi za mchana. Akasimamisha kisu.

"Hawa si ndio wa kesho?"

"Ndiyo maana nimewaita. Wana miguu."

Akanitazama kidogo, akaendelea kumenya. Vijana walikanyaga wakiimba, na lubisi yangu ikatoka nyingi.

Jumapili walicheza vizuri kwa dakika kumi. Kisha nahodha akataka kuruka apige kichwa, mwili ukakataa kuondoka ardhini, mpira ukampita na kuingia. Winga wetu alikimbia mara moja akakaa chini ameshika paja. Nilipiga kelele hadi sauti ikapasuka. Tulipofungwa la nne, shemeji akanigusa bega.

"Shemeji, vijana wako wanatembea kama watu waliotoka kukanyaga pombe!"

Alikuwa anatania tu, hakujua lolote. Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilianza kurudi nyuma kichwani. Jumamosi kabla ya Goziba walikanyaga kwa mwenyekiti, alikuwa anamwoza binti yake. Kabla ya mechi ya mjini? Hakuna aliyekuwa na ndizi mbivu kijiji kizima.

Nyumbani shemeji alionja lubisi, akafumba macho.

"Hii imekanyagwa na wanaume."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Kaka yake alipotoka nje kidogo, akanong'ona, "Kesho utasema mwenyewe, au nikusemee?"

Nilijaribu kujiambia kwamba kijana angeondolewa tu hata bila mimi. Lakini nilikuwa nimemwita mvivu mbele ya mama yake, na mama yake angekuwepo.

Jumatatu nikasimama. Watu wakangojea nimmalize.

"Nahodha hana kosa," nikasema. "Miguu ya jana niliimaliza mimi juzi, nyumbani kwangu. Na ile ya Goziba ilimalizwa na mzee mwingine, simtaji."

Mwenyekiti akaanza kukohoa.

"Harusi ile tulikunywa wote!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na mkutano ukavunjika kwa kicheko.

Nikamwuliza kijana kwa nini hakusema.

"Waitu, uliniita. Ningekuja kwako niseme nimechoka, na umeshaniita mvivu?"

Nikamwomba radhi, kisha nikamgeukia mama yake nikamwomba naye. Kijana akabaki nahodha. Ikakubaliwa pia kwamba ikiwa kuna mechi kesho yake, watakaokanyaga ni washabiki.

Sitadanganya kwamba tangu hapo tulishinda. Jumapili iliyofuata, miguu yao ikiwa mizima kabisa, tulifungwa moja bila na timu ya watoto wa shule. Mimi nilikuwa nimekanyaga Jumamosi, nikashindwa kusimama, nikakaa kwenye nyasi pembeni mwa uwanja. Mke wangu alikuja siku hiyo kwa mara ya kwanza, akakaa nami. Nahodha akakosa mpira rahisi kabisa. Nikafungua mdomo nipige kelele, na mke wangu akatia humo punje ya kahawa iliyokaushwa.

Nikaitafuna.