Mbuzi wa Zambarau

Nilimpaka mbuzi mweupe wa jirani rangi ya zambarau, pembe hadi mkia, eti nione kama mama yake atamtambua. Rangi yenyewe marehemu mama yangu aliifuata sokoni Bwera, ya kutia nyuzi za vikapu. Yeye na wanawake wa mtaa wetu mjini Kasese walikuwa wanavisuka kwa ajili ya harusi ya binti wa jirani huyohuyo, na mimi niliimaliza yote; nyingine haikuwepo.

"Huyu mutoto iko na wazimu!" mmoja wa wasukaji wenzake akalia.

Mama akamzunguka mbuzi, akamsugua sikio, akatazama kidole chake. Kilikuwa safi.

"Rangi imeshika vizuri," akasema. "Vikapu vitabaki vyeupe. Mbuzi atatangulia mbele ya bibi harusi, na kamba utashika wewe."