Nyumba Niliyomwonyesha Mama

Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba. Ukimwuliza aletewe nini kutoka dukani atakwambia chumvi, hata kama chumvi imejaa ndani. Kwa hiyo siku alipotuambia mimi na mdogo wangu kwamba anataka kuiona nyumba ya kwao Mombasa kabla hajafa, mdogo wangu alilia pale pale. Mimi sikulia. Nyumba hiyo haikuwapo tena, na aliyeiondoa ni mimi.

Nitaeleza sawasawa, maana nimechoka kujieleza nusunusu. Mama alizaliwa Mji wa Kale, katika nyumba ya ghorofa moja iliyotazama hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara kando ya mji. Baba yake alikuwa fundi wa saa, na nyumba ilijulikana mtaa mzima kuwa nyumba ya fundi saa. Upande wa majini ilikuwa na roshani ya mbao, na chini yake ngazi za mawe zilizoteremka mpaka kwenye maji. Baba yangu, Mdigo wa Msambweni, alikuwa akipeleka nazi kwa mashua mpaka kwenye ngazi zile. Ndipo walipoonana.

Babu hakumtaka. Alimwozesha binti yake kwa sababu jamaa walimsihi, na siku mama alipoteremka zile ngazi akiwa bibi harusi, babu alisimama roshanini akatazama. Mama alimpungia. Yeye hakuinua mkono. Mwaka haukwisha, babu akafariki, kabla mama hajarudi kumwomba radhi.

Hadithi hiyo nimeisikia tangu sijui kufunga kanga. Mama aliisimulia akichambua mchele, bila kulia, na kila mara aliimaliza kwa maneno yale yale: "Mimi sijui kama nina radhi za baba yangu." Kwetu hilo si jambo dogo. Mtu anaweza kusali sana na kufunga sana, lakini akiondoka bila radhi za mzazi, moyo haumtulii.

Mama aliirithi nyumba baada ya kaka yake wa pekee kufariki bila mtoto. Walikaa wapangaji, paa likaoza. Mimi nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, napiga pasi mashuka ya watu waliokuja kulala mchana. Akatokea mtu aliyekitaka kile kiwanja. Nikaleta karatasi za mauzo Msambweni nikamwambia mama ni za kutengenezea paa. Alikuwa hasomi ila Kiarabu cha msahafu. Nilimshika kidole gumba mimi mwenyewe, nikakitia wino, nikakibonyeza. Kisha akaniombea dua. Kwa kile nilichopata nilijenga vyumba vya kupangisha Ukunda, na ndivyo vinavyonilisha mpaka leo.

Nilijiambia nitamweleza. Kila Ramadhani nilisema nitamweleza Idi. Miaka ikapita, mtoto wa jicho akamfunga macho, jicho la kushoto likazima kabisa na la kulia likabaki kuona rangi na vitu vinavyotikisika tu. Nitasema jambo baya: siku daktari alipotuambia kwamba kwa afya yake hawezi kupasuliwa, nilishukuru.

Ila mdogo wangu, aliyekuwa akikaa na mama Msambweni, si mtu wa kuacha jambo. Nilimwambia mama hawezi kutembea vile vichochoro, magoti yake hayana nguvu. Akasema sawa. Baada ya siku mbili akatuma picha kwenye kundi letu la familia la simu: boti ya kukodi, ya kundi zima peke yenu, inawapitisha mbele ya Mji wa Kale mkauona kutoka majini. "Mama ataiona nyumba amekaa kitako," aliandika. "Na ataiona kutoka kule kule alikoondokea." Jamaa wote wakajibu inshallah.

Nilizijua zile safari. Wageni wa hotelini walikuwa wakizifanya, na jioni mimi nafua taulo zao. Nilitaka kukataa, lakini nikafikiri vizuri, na nilivyofikiri nachukia kuandika. Mtaani, mama angekutana na watu. Mtu mmoja tu angesema pole kwa nyumba yenu, na mambo yangekwisha. Majini hakuna jirani. Majini kuna mimi tu, na kidole changu.

Wiki moja kabla ya safari nilikwenda Mombasa peke yangu. Nilipita kwa miguu mpaka kwenye kiwanja. Kilikuwa kimezungushiwa mabati, nondo zimechomoza juu, na ngazi za mawe zimevunjwa kati. Nikasimama ukingoni nikaanza kuchagua nyumba nyingine, hivi hivi, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Nilipata moja, ya tatu kutoka pale, ya ghorofa moja, yenye roshani. Roshani ya kwetu ilikuwa ya kijani. Hii ilikuwa ya kahawia. Nikasema itatosha.

Boti ilitupokea upande wa Likoni ili mama asisumbuke na feri. Tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na binamu zetu na watoto wao. Nahodha alikuwa mtu wa makamo, mpole, kofia ya kiua kichwani. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba, akamwuliza nyumbani hawajambo. Wakambeba na kiti chake mpaka ndani, wakamvisha jaketi la kuelea juu ya buibui. Alikaa mbele kabisa. Mimi nikakaa ubavuni pake, mkono wake ndani ya wangu.

Watoto walifurahi. Walipiga picha meli za makontena, wakala sambusa, wakagombania kukaa ukingoni. Tulipozunguka ngome na kuingia hori, nikaona mambo ambayo picha za wageni hazikuyaonyesha. Mabomba yalikuwa yakimwaga maji machafu kutoka chini ya nyumba, ukuta umekuwa mweusi kwa urefu wake wote, mifuko ya plastiki imenasa kwenye miamba. Nyumba nyingine zilikuwa zimeegemezwa kwa boriti zisianguke. Nilitaka mji uwe mzuri siku ile moja. Harufu ilimfikia mama, akatabasamu.

"Tumeingia," alisema.

Kumbe yeye hakuhitaji macho kama nilivyodhani. Alianza kuuliza kwa mpango. Ngome tumeshaiacha nyuma? Ndiyo. Mnara mweupe wa msikiti unaonekana? Unaonekana. Basi tusiende mbio. Nahodha akapunguza injini. Nikahisi vidole vya mama vinakaza mkononi mwangu.

"Ile pale, mama," nikasema, nikanyoosha kidole. "Ya roshani."

Akageuza jicho lake la kulia. Alikaza sana mpaka likatoka machozi. "Mbona siioni kijani?"

"Wamepaka rangi nyingine."

"Na ngazi?"

"Zipo. Maji yamejaa, zimefunikwa."

Mdogo wangu alikuwa akipiga video. Alifika nyumba ile mara moja tu, mtoto mdogo wa kubebwa, hakuwa na la kukumbuka. Nilikuwa nimelihesabu hilo pia. Ambacho sikukihesabu ni kwamba mama angemwuliza mtu mwingine.

"Nahodha," alisema, "wewe mzaliwa wa wapi, mwanangu?"

"Wa hapa hapa, bi mkubwa. Mji wa Kale."

"Basi niambie wewe. Hii ndiyo nyumba ya fundi saa?"

Nahodha aliitazama nyumba niliyoionyesha. Kisha macho yake yakasogea polepole mpaka kwenye mabati na zile nondo. Kisha akanitazama mimi. Hakuna aliyenitazama hivyo tangu nizaliwe. Ningeweza kusema pale pale. Watu wangu wote walikuwa ndani ya boti ile, mama alikuwa na akili zake timamu, na kilichobakia kilikuwa ni ulimi wangu tu. Nikainamisha kichwa.

"Ndiyo hii, bi mkubwa," alisema nahodha. Akazima injini.

Mama akaomba tusome Fatiha. Wote wakainua mikono kuelekea nyumba ya watu tusiowajua. Maji yaligonga ubavu wa boti. Walipomaliza, mama alianza kusema, sauti ndogo lakini sote tulisikia.

"Baba, nimekuja. Nimekuja na njia ile ile niliyoondokea. Nilikuwa mtoto, nilimpenda mtu, naye alinitunza mpaka akafa. Niwie radhi, baba."

Wakati ule ule akatoka mwanamke roshanini na beseni la nguo. Dobi ni dobi. Niliona anaanika shuka bila kulikung'uta. Alituona tumesimama chini yake, watu kumi na mmoja tumejaa kwenye boti, akafikiri tu watalii. Akainua mkono akatupungia.

Mama alishtuka. Kilikuwa ni kitu kinachotikisika, na hicho jicho lake lilikiona. "Nani yule? Nani anapunga?"

"Mtu wa nyumba hiyo, mama," alisema mdogo wangu. "Anatupungia."

Mama akainua mkono wake, mwembamba, juu ya lile jaketi la rangi ya chungwa, akapunga. Alipunga muda mrefu, hata baada ya yule mwanamke kuingia ndani. Alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, hata alipofiwa na mume. Binamu zangu wakalia. Kisha akanigeukia, akanishika uso kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyenileta. Radhi zangu unazo, mwanangu, za dunia na za akhera."

Nikasema ahsante mama. Sauti ilitoka. Sijui ilitoka wapi.

Tuliporudi Likoni nilibaki nyuma kumshukuru nahodha. Nilimpa mkono, hakuushika. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Dada," alisema, "yule mama aliniuliza mimi. Hakukuuliza wewe. Dhambi ya kwako ungekwenda nayo mwenyewe. Sasa na mimi nimo." Akainama akaanza kukunja kamba yake. "Mwambie. Akiniuliza Mungu, niweze kusema nilikuambia umwambie."

Sikumwambia wiki ile, wala mwezi ule. Mama alikuwa amekuwa mtu mwingine. Aliacha kusimulia hadithi ya roshani. Akichambua mchele kwa kupapasa alikuwa akiimba. Majirani wa Msambweni walikuja kuisikia habari ya boti, naye hakuchoka: nilimwomba radhi, na nyumba ikanipungia. Kila mgeni alinisifu mimi. Nilianza kwenda kwao kwa nadra, nikasingizia wapangaji.

Alipougua mara ya mwisho nilikaa naye siku tatu. Asubuhi ya siku ya pili mdogo wangu alikwenda sokoni, tukabaki wawili. Niliamua. Niliona ni afadhali anilaani akijua kuliko anibariki hajui. Nikasogea mpaka karibu na sikio lake.

"Mama, ile nyumba niliyokuonyesha."

"Nimeiona," alisema. Alifumba macho, akatabasamu. "Nikifumba hivi naiona. Yeye yuko juu, ameinua mkono." Akaomba maji. Nikamnywesha kwa kijiko. Kama ningesema, ningemnyang'anya baba yake mara ya pili, naye hana tena muda wa kumtafuta. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kuna siku naamini nilinyamaza kwa ajili yake. Siku nyingi naamini nilinyamaza kwa woga tu.

Tulimzika Msambweni kando ya baba. Mdogo wangu alitengenezesha picha moja kutoka kwenye ile video, kubwa, ya fremu, akaitundika sebuleni. Watu wote wamo ndani ya boti, wameinua mikono wakisoma Fatiha, na mama yuko mbele. Mimi peke yangu mikono yangu iko mapajani. Mdogo wangu huwaeleza wageni kwamba dada alizidiwa na huzuni. Ukitazama pembeni kabisa, upande wa kulia, kipande cha bati kinaonekana na nondo tatu juu yake. Kila nikiingia chumba kile nakaa kiti kinachoipa picha mgongo.

Juzi aliandika kwenye kundi la familia. Anasema mama alituachia njia, tusiiache ife. Anataka kila mwaka tukodi boti ile ile, na nahodha yule yule kama atakubali, tukasome Fatiha mbele ya nyumba ya babu, ili wajukuu waijue kwao. Mwisho akaniandikia mimi: dada, wewe utakaa mbele, uwaonyeshe watoto, maana ndiwe pekee unayeijua nyumba.

Jamaa walijibu mmoja mmoja. Nilikaa na simu mkononi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Nikaandika inshallah, kama wenzangu.